Kamera ya Mstari wa Mwisho

Jumamosi, 13 Oktoba 2007. Nakuru

Harusi nyingine leo. Bibi harusi kalia, mama yake kalia, shangazi mmoja kanisukuma na kiwiko ili naye aonekane akilia. Nimeizunguka keki hadi nikaona kizunguzungu. Miaka sita sasa mimi ndiye Zeddy wa studio ya Jaydeep, yule msichana wa video, na watu wakiniona bila kamera hawanitambui.

Jioni simu kutoka Nairobi. Ni yule mama wa kituo cha televisheni niliyempelekea filamu yangu ya wapasua mbao. "Zeddy, hadithi ni nzuri, lakini picha ni ya harusi. Tafuta kamera ya maana ndiyo urudi. Mwezi wa nne tuna nafasi ya filamu za watu wapya."

Picha ya harusi! Nimemwambia asante mama, nikakata simu, nikatukana ukuta. Nimeanza kuandika hapa kwa sababu ukuta hauna makosa.

Jumapili, 14 Oktoba

Nimeamka nikijua nitapiga nini. Nitawapiga Kogo na Cucu Njambi.

Kogo ni nyanya yangu, mama ya baba, aliyenilea kule juu ya Elburgon kwenye shamba linalopakana na msitu, na ambaye huniita Jepkemboi, jina langu la nyumbani. Cucu Njambi ni jirani yake. Sisi ni Wakalenjin, Cucu ni Mkikuyu, na katikati yao kuna ua wa miba wenye tundu ambalo limepitwa mpaka likawa mlango. Cucu hunisemesha kwa Kikalenjin kizuri kuliko cha binamu zangu wa mjini.

Na wana jambo lao. Mwaka wa njaa ile kubwa, themanini na nne, Cucu hakuvuna hata gunzi. Kogo alivuna kidogo, akafika mstari wa mwisho wa mahindi yake, akaweka panga chini. Akaita kupitia ua: huu ni wako, kuja uvune. Mwaka uliofuata Cucu naye akaacha mstari wake. Tangu hapo hakuna anayegusa mstari wake mwenyewe wa mwisho. Jirani ndiye huuvuna, tena anavuna akitukana: mahindi gani haya, ni meno ya panya, uliweka mbolea ama ulipiga chafya? Mwenye shamba anasimama kando akijibu. Mimi nimekua nikidhani watu wote duniani huvuna hivyo.

Hata tisini na mbili, watu walipochomeana nyumba kwa ajili ya kura, Cucu alikimbilia mjini, akakaa miezi, na aliporudi alikuta mstari bado umesimama ukimngoja. Ulikuwa umeota kuvu, lakini ulikuwa wake.

Hiyo ndiyo filamu. Inatokea siku moja kwa mwaka, karibu na Krismasi, kwa sababu huko juu kwa baridi mahindi huchelewa. Kogo ana miguu mibaya na Cucu ameanza kusahau majina. Sidhani nitapata mwaka mwingine. Na sitawapiga na kamera ya keki, ng'o!

Jumatatu, 22 Oktoba

Kaka yangu Kiptanui amepiga simu kutoka Amerika, ambako anakimbia mbio za barabarani na kushinda zile ndogo. "Sista, chagua kamera. Yoyote. Nakuja Krismasi, nitaibeba kwa mkono. Bei usiniulize."

Nimepiga nduru hadi mteja aliyekuwa akipigwa picha ya pasipoti akafumba macho.

Jumatano, 24 Oktoba

Saiba, nikitafuta kamera kwenye intaneti. Macho yanauma.

Jumatatu, 29 Oktoba

Nimebishana na Jaydeep kutoka asubuhi. Studio aliachiwa na baba yake, na baba yake aliachiwa na babu, na hao watatu wamepiga pasipoti za Nakuru nzima. Nikamweleza kuna kamera za kanda na kuna hizi mpya zinazorekodi kwa diski.

"Kanda unaishika mkononi," akasema. "Diski ikikufa hata matanga hakuna."

Sawa, kanda. Nikamweleza kuhusu sensa, kile kijicho cha ndani kinachonasa mwanga. Hii yetu ya harusi ina moja. Za maana zina tatu, moja kwa kila rangi, kwa hivyo kijani cha mahindi hakiingiliani na kijani cha ua. Nikamweleza kuhusu tundu za maikrofoni za kweli, kwa sababu Cucu huongea chini chini. Nikamweleza kuhusu lenzi pana, kwa sababu jikoni kwa Kogo hakuna mahali pa kurudi nyuma, ukirudi unakalia ndama.

"Zeddy," akasema, "chukua hii ya harusi, panda kesho uende, anza. Mchagua jembe si mkulima."

Jaydeep na methali! Nimecheka, kisha nikakasirika, kisha nikarudi saiba.

Ijumaa, 2 Novemba

Nimechagua.

Jumamosi, 3 Novemba

Nimebadilisha mawazo. Ile ya jana ina sensa tatu lakini gizani ni kipofu.

Alhamisi, 8 Novemba

Mvua. Harusi ndani ya hema. Hema limevuja juu ya keki na nimefurahi, Mungu anisamehe.

Jumapili, 18 Novemba. Elburgon

Nimewakuta wawili hao jikoni kwa Kogo wakipura maharagwe, vichwa vimekaribiana. Nikawaambia nataka kuwapiga filamu. Kogo akauliza nani amekufa. Cucu akauliza kama kamera yangu inaweza kumrudishia meno.

"Inaonyesha kile kiko, Cucu."

"Basi peleka kwa wasichana. Huyu nyanyako ukimpiga hiyo kioo itapasuka."

"Itapasuka ikifika kwako," Kogo akasema. "Mimi nitakuwa nimepita salama."

Laiti ningekuwa na kamera saa hiyo! Ile ya harusi ilikuwa studio, ningeweza kuja nayo. Sikuja nayo makusudi, kwa sababu najua ningeshawishika.

Mahindi yatakuwa tayari mwezi ujao, kama tarehe ishirini hivi. Cucu anataka yaishe kabla ya kura. Kila uchaguzi tangu ule wa tisini na mbili, mtoto wake Ndirangu huja na pikapu kumchukua, anakaa kwake Nakuru mpaka mambo yapoe, kisha anarudi. Anaieleza safari hiyo kama mtu anayekwenda kliniki. Hata mfuko wake huwa umefungwa, unaning'inia nyuma ya mlango. Kogo ndiye humlishia kuku.

Nimeuliza kama mwaka huu kuna maneno. Kogo amesema maneno hayakosekani, vijana wanakaa pale dukani siku nzima wakiongea siasa na hakuna aliyepalilia hata mstari mmoja.

Jumatatu, 26 Novemba

Nimechagua, na safari hii sibadilishi. Sensa tatu. Kanda. Tundu mbili za maikrofoni. Lenzi pana. Inaona hata kwa mwanga wa moto wa kuni, nimeona mfano kwenye saiba, uso wa mzee mmoja kando ya moto, nikataka kulia. Nimempa Kiptanui jina lake na namba yake, herufi kwa herufi.

Kisha nikamuuliza kuhusu umeme. Sisi familia za wakimbiaji tumefunzwa na ulimwengu. Televisheni ya ami yetu iliyotoka Amerika ilifuka moshi sebuleni mbele ya wageni. Mashine ya kusaga matunda ya shangazi ilikohoa mara moja ikazima. Hakuna boma kwetu lisilo na kitu cha Amerika kilichokufa kwa sababu ya umeme wetu. Kwa hivyo nimemuuliza: chaja yake inakubali umeme wa huku? Akaniambia ndiyo. Nikampigia tena nikamwambia aende asome maandishi ya nyuma. Akasoma. Inakubali.

Jaydeep amenipa mkono kama mtu aliyefaulu mtihani.

Ijumaa, 7 Desemba

Harusi. Sikuona chochote. Nilikuwa nawaza mahindi.

Ijumaa, 21 Desemba

Imefika! Kiptanui ameitoa kwenye shuka za mtoto wake, ameibeba mapajani kutoka Amerika hadi hapa. Ni nyeusi, nzito, imetulia mkononi kama kuku aliyezoea mtu. Nimeishika sikutaka kuiachilia. Nimempiga Kiptanui akila, nimepiga mikono ya mama muuza ndizi, nimepiga vumbi. Kwenye kioo chake kidogo kila kitu kina uzito.

Cucu amenipigia kwa simu ya jirani: mahindi ya mashamba yote mawili, lake na la Kogo, yameisha isipokuwa ile mistari miwili. Wanasema nije kesho kutwa. Ndirangu anakuja na pikapu siku hiyo hiyo.

Jumamosi, 22 Desemba

Ngoja niandike polepole, la sivyo nitaichana hii karatasi.

Asubuhi nilipeleka kanda ya jana studio nimwonyeshe Jaydeep. Tukaitia kwenye mashine yetu. Mistari. Tukaitoa, tukaipuliza, tukairudisha. Mistari myeusi na myeupe, na sauti ya Kiptanui ikikatakata. Nilidhani ni mashine. Jaydeep akaichukua kamera, akaigeuza, akavaa miwani, akasoma chini.

"Zeddy, hii ni ya mfumo wa Amerika."

Nilijua kabla hajamaliza. Ninajua habari hii kuliko yeye! Picha za Amerika hukimbia thelathini kwa kila sekunde, zetu ishirini na tano, na mashine za huku na vituo vya huku havisomi za kule. Ninajua hivyo tangu mwaka wangu wa kwanza. Na bado nilimpigia ndugu yangu nikauliza umeme, nikampigia tena nikauliza umeme. Televisheni ya ami ilinitia hofu ya moshi, nikasahau picha. Wiki zote hizo nikihesabu sensa, na swali la kwanza kabisa sikuliuliza. Mjinga mimi. Mjinga wa kutupwa.

Kiptanui maskini anasimama hapo: "Si ndiyo uliniambia? Namba ni hiyo hiyo." Ni hiyo hiyo. Makosa si yake.

Jaydeep akapendekeza mambo mawili, na niyaandike yote mawili. La kwanza: "Piga na hii hii. Baadaye tutabadilisha kwa kompyuta." Nikamwambia nimeona zilizobadilishwa, watu wanatembea kama wana kwikwi, yule mama wa Nairobi atanicheka. La pili: akafungua kabati akatoa ile ya harusi, akaiweka mezani, kanda mpya kando.

"Sitawapiga kama harusi," nikasema.

"Watakuwa ni wao hata hivyo."

"Jaydeep, tafadhali."

Basi akampigia binamu yake Nitin, ambaye yuko Dubai. Aina hiyo hiyo, ya mfumo wetu, anaweza kuileta akirudi tarehe tano Januari na kuirudisha hii. Wiki mbili tu. Mahindi yaliyokauka hayaendi popote.

Jumapili, 23 Desemba. Elburgon

Pikapu ya Ndirangu ilikuwa tayari imeegeshwa nilipofika. Wale wawili wamejifunga leso safi kichwani, kwa sababu ya filamu. Cucu amepaka mafuta mpaka kwenye viwiko.

Nikawaeleza. Sikujua jinsi ya kueleza mifumo kwa Kikalenjin, nikasema kamera ni mbovu, nzuri inakuja. Nikawaomba wasivune mistari ile. Wangoje mpaka tarehe sita.

Kogo akasema, "Kura ni Alhamisi."

"Najua, Kogo. Lakini mwaka huu si kama ule wa tisini na mbili. Watu wameamka. Hakuna kitu kitatokea."

Ndirangu ni mtu mpole, anauza vipuri mjini. Akasema, "Mama anakuja kila mara. Tunavuna leo, tunaenda, basi. Ama avune akirudi."

"Akirudi lini? Mara ya mwisho ulikaa naye hadi Pasaka. Filamu inatakiwa mwezi wa nne!" Nilimwambia hivyo. Nilipandisha sauti mbele ya mamake.

Cucu akaniangalia, kisha akamwangalia Kogo, na nadhani alikuwa pia anatafuta sababu ya kutokwenda, kwa sababu analalamika kila siku kwamba nyumba ya Ndirangu haina mahali pa kuota jua. Akasema, "Huyu mtoto nilimfunga nepi. Anaomba siku chache tu. Ndirangu, rudi mwanangu, utanichukua baada ya mwaka mpya."

Akaingia ndani, akatoa vitu kwenye ule mfuko wa nyuma ya mlango: sweta, Biblia, dawa za presha. Akavirudisha mahali pake.

Nilimkumbatia. Nilifurahi, haki ya Mungu, nilifurahi.

Alhamisi, 27 Desemba. Nakuru

Nimepiga kura. Mstari mrefu, jua kali, watu wanatoleana mzaha. Nilisema mimi, hakuna kitu kitatokea.

Jumamosi, 29 Desemba

Bado hawajatangaza matokeo. Maduka yanafunga mapema. Jaydeep ameshusha vyuma vya mlango.

Jumapili, 30 Desemba

Wametangaza jioni. Kabla giza halijaingia kulikuwa na moshi upande wa magharibi.

Jumanne, 1 Januari 2008

Simu ya Kogo imezimwa. Simu ya jirani imezimwa. Barabara ya Elburgon ina mawe na magogo. Ndirangu amekuja studio, amesimama mlangoni. Ameniuliza kama nimesikia lolote. Nimesema hapana. Hakuketi.

Alhamisi, 3 Januari

Hakuna.

Ijumaa, 4 Januari

Hakuna. Kadi za simu zimeisha madukani. Redio inasema tudumishe amani na inacheza nyimbo za kanisa.

Jumapili, 6 Januari

Leo ndiyo ile tarehe. Nitin hajatoka Dubai, ndege zimefutwa.

Jumanne, 8 Januari

Ndirangu amempata mamake. Yuko kwenye kambi ya wakimbizi, wengi wao Wakikuyu, pale uwanja wa maonyesho, aliletwa na lori la mbao. Yuko hai. Mguu umevimba, haongei. Nyumba hakuna.

Nimeuliza kama naweza kwenda kumwona. Ndirangu akaniambia, "Zeddy, wewe kaa." Yule mtu mpole. Hakukasirika hata kidogo, na ningependa angekasirika.

Jumamosi, 12 Januari

Nimejaribu kulala. Nawaza ule mfuko.

Jumamosi, 26 Januari

Sasa ni hapa kwetu. Mitaa inachomwa tangu jana. Upande mmoja wanauliza jina wajue kabila lako kabla ya kukupiga, upande wa pili hawaulizi. Familia ya Jaydeep imenichukua, niko chumba cha juu na watoto wao, tumelaza magodoro mbali na dirisha. Kamera ya Amerika iko chini ya kitanda. Jaydeep aliniangalia mara moja, akaniona nikiiangalia, akatikisa kichwa. Hata mimi sikutaka. Hapo chini mtu alikuwa analia akiita jina la mtu mwingine, na mimi ningeuliza kama mwanga unatosha?

Jumatano, 30 Januari

Mkate umepatikana.

Jumanne, 12 Februari

Nitin amefika, na kamera anayo. Mfumo wetu. Tumetia kanda kwenye mashine ya studio na picha imetoka safi kama maji. Nilitaka nifurahi hata kidogo. Nimeirudisha kwenye mkoba.

Kiptanui aliondoka na ndege ya kwanza aliyoipata, hata kwaheri ilikuwa ya simu.

Jumapili, 17 Februari. Elburgon

Nimefika kwa Kogo, nyuma ya magari ya polisi. Upande wa pili wa ua hakuna kitu isipokuwa mabati yaliyojikunja na jiko la Cucu, la udongo, halikuungua. Kuku wake wako kwetu.

Kogo amenieleza akiwa amekaa, bila kuinua sauti. Siku ile ya kutangazwa alimpitisha Cucu kwenye tundu, akamweka jikoni, nyuma ya magunia. Usiku wakachoma nyumba yake. Siku ya tatu wakaja vijana wa hapa hapa, mmoja wao Kogo alimzalisha mamake kwa mikono yake. Wakamwambia: tunajua yuko ndani, akilala hapa leo tunachoma na hii.

"Nikampa mkongojo wangu," Kogo akasema. "Nikamfungulia mlango. Nikamwonyesha njia ya msitu mpaka barabarani."

"Ulienda naye?"

"Nilirudi ndani."

Hakulia. Mimi nililia mpaka nikatapika. Alinipa maji akaniambia ninyamaze, majirani watasikia ninamlilia nani.

Mistari yote miwili bado imesimama, wake na wa Cucu. Jioni ng'ombe wetu walivunja waya wakaingia ule wa Kogo. Nilikimbia kuwafukuza. Kogo aliniita nirudi, akasema waache wale.

Jumamosi, 1 Machi. Nakuru

Wakubwa wamepeana mikono kule Nairobi. Watu wanapiga honi.

Yule mama wa televisheni amepiga simu. "Zeddy! Ulipata kamera? Safi sana. Sikiliza, sasa tunataka hadithi za kambini, za majirani. Wewe uko hapo hapo. Una mtu?"

Nikasema ninaye.

Kwa nini nilisema hivyo? Nimejiuliza siku nzima. Nadhani nilitaka Cucu aniambie kitu, chochote, na sikujua kwenda kwake mikono mitupu.

Jumatano, 5 Machi

Jaydeep alinisindikiza. Langoni alisema sisi ni watu wa studio, hakuna aliyeuliza jina. Mahema meupe mpaka mwisho, matope, moshi wa kuni mbichi. Tulimkuta Cucu ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa, mguu umefungwa kitambaa. Amekuwa mdogo. Vijana wawili walikuwa wameegemea nguzo ya hema la jirani, wakaacha maongezi tulipofika.

Nikamsalimu kwa Kikalenjin, kwa sauti ya chini, kama siku zote. Hakuitikia. Nikamsalimu kwa Kiswahili.

"Mzima," akasema. "Nyinyi ni watu wa serikali?"

Nilidhani amesahau, yale majina yake. Lakini macho yake yalikuwa yamenishika barabara. Nikaweka kamera kwenye miguu yake mitatu. Jaydeep akamfunga maikrofoni kwenye leso. Nikauliza kama anaweza kutuambia kuhusu jirani yake wa Elburgon, yule mama wa upande wa pili wa ua, na jinsi walivyokuwa wakivuna.

Akatazama ndani ya lenzi moja kwa moja. Mtu asiyezoea hufanya hivyo.

"Huyo mama simjui," akasema kwa Kiswahili.

Nikangoja.

"Na wewe pia sikujui. Sijawahi kukuona. Funga hiyo mashine uende."

Mmoja wa wale vijana akacheka. Jaydeep alikuwa tayari ameanza kufungua maikrofoni.

Jumapili, 9 Machi. Elburgon

Mvua imekuja. Watu wanalima, wale waliopo.

Kogo ameniuliza kama nilimwona. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nilimpiga kwa ile mashine. Nilitaka kusema uongo, lakini mkoba ulikuwa mapajani mwangu. Nikafungua kile kioo kidogo nikamshikia karibu na uso, nikaacha iende.

Picha ni safi kabisa. Kila kunyanzi linaonekana, kahawia ya matope kando na weupe wa hema kando, hakuna rangi iliyoingilia nyingine. Kila neno linasikika. Hakuna mtu atakayesema ni picha ya harusi.

Ilipoisha Kogo akasema, "Amekonda. Rudisha."

Nikarudisha. Akaitazama tena, midomo yake ikienda pamoja na ya Cucu. Akaniambia nirudishe mara nyingine, na nyingine, hadi betri ikaanza kulia.

"Kulikuwa na nani hapo karibu?" akauliza.

"Vijana wawili. Walikuwa wamesimama hapo kwa hema."

"Na wewe ukamsalimu kwa lugha yetu."

"Ndiyo, Kogo."

"Mjinga wewe. Amekuficha."

Nikamwambia pengine, lakini pengine alimaanisha kila neno, nilikuwa pale, niliona macho yake. Kogo akapangusa kioo kwa ncha ya leso, mahali pumzi yake ilipokuwa imekitia ukungu.

"Hata kama," akasema. "Siku akipita hapa, na wale wameketi pale dukani, wakiniuliza, mimi pia nitasema simjui. Na wewe utasema hivyo hivyo. Umesikia?"

Akanishika kifundo cha mkono, akakibana mpaka nikaumia.

"Jepkemboi. Umesikia?"

Nikamwambia nimesikia.